Je, Wajua? Prosesa ya Dola 149 Iliyofukuzana na ya Dola 669

Tarehe 24 Agosti 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa kadhaa kwa siku moja. Pentium II ya megahezi 450 iliuzwa kwa bei ya jumla ya dola 669. Nyingine, Celeron 300A ya megahezi 300, ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za bei nafuu na iliuzwa dola 149. Haukupita muda mrefu, wapenzi wa kompyuta wakagundua kwamba hiyo ya dola 149, ikibadilishiwa mpangilio mmoja tu kwenye bodi mama, nayo hufika megahezi 450. Katika michezo mingi ya wakati ule ilikwenda bega kwa bega na ile ghali.

Prosesa hufuata mapigo, kama wachezaji wanavyofuata ngoma. Megahezi 300 maana yake ni mapigo milioni 300 kila sekunde. Bodi mama hutoa mapigo ya msingi, kisha prosesa huyazidisha kwa namba yake. Msingi wa 300A ulikuwa megahezi 66 na kizidisho chake 4.5, zidisha, utapata takriban 300. Kizidisho kilifungwa kiwandani, hakiguswi. Msingi uliachwa wazi. Weka 100 mahali pa 66, na hesabu inatoa 450.

Je, ilivumilia vipi ongezeko la nusu nzima? Jibu liko kwenye silikoni yenyewe. Celeron hii na ile Pentium II zilichongwa kwa teknolojia moja ya mikroni 0.25, na muundo wa kiini chao ulikuwa wa ukoo mmoja. Namba iliyoandikwa juu ya prosesa ni ahadi ya kiwanda kwa mnunuzi, tena ahadi yenye tahadhari, na mara nyingine huandikwa ndogo ili bidhaa ya bei ya chini isiile ile ya bei ya juu. Halafu kuna kashe, ile kumbukumbu ndogo ya karibu ambamo prosesa huweka data inayoihitaji mara kwa mara. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, ila zilikaa kwenye chipu za pembeni zilizokwenda nusu ya kasi ya prosesa. Celeron 300A ilikuwa na kilobaiti 128 tu, lakini ndani ya kiini, kwa kasi ileile ya kiini. Ukipandisha prosesa, kashe nayo inapanda, na hakuna chipu ya pembeni ya kuirudisha nyuma.

Kuna jambo hapa ambalo mwanafunzi wa kazi hii ya kupandisha kasi ya prosesa anapaswa kulielewa vizuri. Akili ya kawaida inasema panda kidogo kidogo: toka 66 nenda 75, kisha 83, kisha 100. Kumbe hatua ya 83 ndiyo iliyokuwa na hatari zaidi. Kadi za upanuzi na diski vilipata mapigo yao kwa kugawanya msingi uleule. Kwa 66 mgawanyo ulikuwa nusu, yaani megahezi 33, kiwango chake halali. Kwa 83, bado nusu, vikasukumwa hadi zaidi ya 41, na diski ikaweza kuharibu data. Kwa 100 bodi iligawanya kwa tatu, na kila kitu kikarudi kwenye 33. Mruko mkubwa ulikuwa salama kuliko hatua ndogo! Ndiyo maana ni muhimu kuijua bodi yako kabla ya kugusa chochote.

Kwenye bodi kama Abit BH6, mpangilio huu wa msingi ulibadilishwa kwenye menyu ya BIOS, yaani programu ya kuwashia mashine. Kwa bodi zilizojipangia zenyewe, watu walifunika mguso mmoja wa prosesa, ule wa B21, kwa kipande chembamba cha selotepu, na bodi ikaamini kwamba imepewa prosesa ya megahezi 100.

Si kila 300A ilikubali. Nyingi zilitulia kwa volti 2.0 za kiwandani, nyingine zikahitaji kuongezwa kidogo. Hapo kwenye volti ndipo wanaoanza huunguza vitu. Umeme unaoliwa hupanda sawasawa na mapigo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba: kutoka 2.0 hadi 2.2 ni asilimia 21 zaidi, na wote huo hugeuka joto. Safisha feni kwanza, paka upya grisi ya kupitisha joto, pandisha mapigo, na volti uiguse mwisho kabisa. Kisha ipe mashine kazi nzito kwa saa kadhaa. Programu ya Prime95, iliyotungwa kutafuta namba tasa kubwa, inafaa sana kwa sababu hulinganisha majibu yake na majibu yanayojulikana. Prosesa iliyozidiwa huanza kukosea hesabu kimyakimya kabla haijazimika.

Njia hii ya msingi iliendelea kwa miaka. Core 2 Quad Q6600 ya 2007, yenye msingi wa 266 na kizidisho 9, ilitoka gigahezi 2.4 hadi 3.0 kwa kuwekewa 333. Mwaka 2011, kwa kizazi cha Sandy Bridge, Intel iliunganisha mapigo ya karibu sehemu zote za mashine na msingi mmoja, hata kuusogeza zaidi ya asilimia chache kukawa hakuwezekani. Kizidisho kilichofunguliwa kikabaki kwenye prosesa chache zenye herufi K, kwa bei ya juu.