Mtoto Anayekataa Kijiko

Tuliingia katika nyumba moja jioni, tukamkuta mama ameketi mkekani, amempakata mwanawe wa miezi minane, na bakuli la uji li kando yake. Kila kijiko kilipokaribia, mtoto alifumba kinywa, akageuza uso, akakipiga kwa mkono hata uji ukamwagika. Bibi mzaa baba akasema, "Mbane pua, atafumbua mwenyewe." Mama akasita. Akimbana, aona amemdhulumu. Akimwacha, aogopa atakonda. Yakaanza maneno baina yake na mkwewe, na baba aliporudi kutoka kazini aliwakuta watu wawili wamenuna na wa tatu analia.

Ndugu wasomaji, hapana shaka wengi wenu mwaijua nyumba hii. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili.

Kwanza, tuujue wakati wake. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Nasi Waislamu twajua kuwa aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na ikaliweka jambo la kumwachisha mtoto ziwa katika maafikiano na mashauri ya wazazi wote wawili. Basi chakula hakiji kulifukuza ziwa, wala kazi hii si ya mama peke yake. Baba naye anaulizwa.

Pili, tuseme wazi juu ya kumbana mtoto pua au kumkinga kinywa kwa kiganja na kumimina uji. Wazee wetu hawakufanya hivyo kwa ukatili. Walifanya kwa mapenzi na kwa kuogopa njaa. Lakini mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu, na uji waweza kushuka katika njia ya hewa ukaingia mapafuni, akapaliwa au akapata maradhi ya kifua. Hata akisalimika, hujifunza kuwa bakuli ni adui, na kesho hulia kabla hajaguswa.

Tatu, kabla ya kumwita mkaidi, tutafute sababu. Mtazame kinywani: yawezekana ana utando mweupe, au ufizi umevimba kwa meno yanayoota. Yawezekana pua imeziba, sikio lamuuma, au ana homa. Pengine ameshiba maziwa aliyonyonya punde. Ikiwa anakataa hata ziwa, au anatapika kila anachokula, au hapati mkojo kama kawaida, au amelegea, asingojewe hata siku moja. Apelekwe kwa daktari. Na ikiwa uzito wake katika kadi ya kliniki hauongezeki, tusikae kimya.

Ama mtoto aliye mzima, anayeweza kuketi, kukaza shingo na kupeleka kitu kinywani, huyu mara nyingi hakatai chakula. Anakataa kulishwa. Ataka mkono wake uwe na kazi. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Chicago, Clara Davis, alitoa habari za watoto walioachishwa ziwa ambao waliwekewa vyakula vya namna mbalimbali, wakaachwa wachague wenyewe kwa vidole au kwa kijiko. Muuguzi aliketi kimya, hakuwasihi wala hakuwakemea. Watoto wale walikula, wakakua vizuri. Lakini tusisahau kuwa vyakula vyote walivyowekewa vilikuwa vya afya, na sukari haikuwamo. Mzazi huchagua kitakachowekwa siniani. Mtoto huchagua ale kipi na kiasi gani.

Sisi ni watu wa kula kwa mkono, kwa hiyo hatuna haja ya kununua kitu dukani. Chemsha kiazi kitamu, boga au mhogo mpaka kilainike. Tumia ndizi mbivu, papai, embe, yai lililoiva sana, mnofu wa kuku uliochanwa, samaki aliyetolewa miba yote, maini yaliyopikwa, au tonge ndogo ya ugali laini na maharage yaliyopondwa. Maini, nyama na maharage yasipuuzwe, kwa sababu baada ya miezi 6 madini ya chuma yaliyomo katika maziwa hayamtoshi tena. Kata vipande virefu kama kidole cha mtu mzima, maana mtoto mdogo hushika kwa kiganja kizima. Afikapo kama miezi 9 huanza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada, na hapo vipande vidogo vyafaa. Kila kipande ukikibonyeza kwa vidole viwili kipondeke. Usitie chumvi wala sukari, na asali asipewe kabla hajatimiza mwaka. Kati ya miezi 6 na 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, kisha mara 3 au 4, na ziwa liendelee.

Asipewe karanga nzima, bisi, karoti mbichi, zabibu nzima wala peremende. Ale akiwa ameketi wima, na mtu mzima awe mbele yake daima. Akikohoa na kutoa ulimi, mwache ajitoe mwenyewe. Lakini akishindwa kulia, kukohoa na kupumua, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikielekea chini, umpige mara 5 katikati ya mabega. Kisha mgeuze, umbonyeze kifua mara 5, urudie huku mwenzio akiita msaada. Usimtie kidole kooni bila kukiona kilichokwama.

Baada ya hayo, subira. Chakula kipya huenda akakikataa mara 8, au 10, au zaidi, kabla hajakizoea. Akishika kwa mkono wa kushoto usimpige. Adabu ya mkono wa kulia atajifunza kwa kututazama. Na tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha.

Katika nyumba ile, bibi mwenyewe ndiye aliyechemsha kiazi siku ya pili. Mtoto alikiponda, akakitupa. Siku ya nne alikilamba. Juma la pili alikula nusu yake, akajipaka iliyobaki kichwani, na mkeka ukafuliwa. Mkeka hufulika. Mwenyezi Mungu atujaalie upole kwa watoto wetu. Amin.