Ngome Isiyo na Chokaa

Sisi watu wa pwani tuna kiburi kimoja: tukiona ukuta wa mawe, mara tunauliza ni Mwarabu gani au Mshirazi gani aliyeujenga. Nami nilikuwa na kiburi hicho hadi nilipofika Thimlich Ohinga.

Safari yenyewe ilianzia Garissa, barazani kwa mzee mmoja wa Kisomali, mfuga ngamia aliyekulia upande wa Wajir. Alikuwa akinisimulia habari za Wamadanle, ambao wazee wa huko husema ndio waliochimba visima vya Wajir katika mwamba na kulundika makaburi makubwa ya mawe nyikani. "Walikuwa majitu, mwanangu," alisema, nami nikakumbuka habari za Adi na Thamudi. Nikamwuliza kama waliacha ngome vilimani. Akacheka. "Mfugaji wa huku hujenga zizi la miiba, kisha akahama. Ukitaka ngome ya mawe, nenda kwa Wajaluo."

Nikaenda. Kutoka Garissa hadi Migori ni kama kuivuka Kenya nzima, na kutoka mji wa Migori ni kilomita 46 tena kuelekea kaskazini-magharibi. Kwa Kijaluo, Thimlich ni msitu wa kutisha, na ohinga ni boma la mawe.

Ndugu msomaji, ukuta ule hauna tone la chokaa! Hauna udongo wa kushikiza, wala msingi haukuchimbwa. Umepanda kutoka mita 1.5 hadi mita 4.2, na unene wake ni mita 1 hadi 3. Nyuso mbili za mawe yaliyochaguliwa, katikati vipande vidogo vimeshindiliwa, basi. Sisi Lamu na Gedi tulichoma matumbawe kupata chokaa. Fundi wa hapa alikuwa na jicho lake tu. Nao wakadiriwa kuwa wa karne ya 16, karne ileile ambayo Mreno alianza kujenga Ngome ya Mombasa, mwaka 1593.

Mlango ni mfupi mno. Nilipoinama kofia yangu ilianguka, nikafahamu hila yake: adui huingia kwa kutanguliza kichwa. Ndani mna mazizi ya ng'ombe na mahali pa kuyeyushia chuma. Kilichonifurahisha zaidi ni vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Tena wachimbuzi walipata humo shanga za kioo zilizotoka ng'ambo. Zilipita wapi kama si bandari zetu?

Nilitaka kuegemea ukuta, mlinzi akanizuia. "Jiwe moja likitoka, Bwana, yanafuata kumi." Serikali iliitangaza ngome hii kuwa mali ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO, katika mkutano wake wa Manama, Bahrain, iliiandika katika urithi wa dunia.

Niliporudi Garissa nilimweleza mzee yote. Akauliza ni nani walioijenga. Nikamwambia kwamba watu wa makabila mbalimbali walipokezana pale, na waliokuja nyuma walitengeneza ukuta wa waliotangulia. Akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia kwamba ujanani alichukua mawe ya kaburi moja la Wamadanle kujengea hori la kunyweshea ngamia wake.

"Yaweza kurudishwa?" aliuliza.

Nikamwambia kwanza anionyeshe mahali. Tumeahidiana kwenda baada ya mvua.