Boti Iliyovuliwa Mashine: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Boti ya faiba ya mita 7 imelala Mtwapa. Mashine yake ya kupachika imeng'olewa, na mwenyewe anataka kuihamishia Kilifi, karibu maili 20 za baharini. Gatini kila mtu ana ushauri, na mwingine unaweza kuizamisha boti kabla haijatoka mlangoni. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Bila mashine boti ni nyepesi, kuikokota ni kazi ndogo."

Uongo, na ndio ninaouogopa kuliko wote. Mashine ya nguvu za farasi 200 ina uzito wa zaidi ya kilo 200, nao wote ulikuwa umening'inia tezi. Ukiivua, tezi inainuka na omo inainama. Boti iliyoinamisha omo huchimba maji. Ukiikokota haikufuati, bali hukimbilia kulia hadi kamba iikatize, kisha ikakimbilia kushoto, hivyo hivyo njia nzima. Tena mashine ya kupachika ndiyo iliyokuwa usukani wake. Mashine ikiondoka, gurudumu pale mbele linazunguka bure.

Dawa si ghali. Chukua madumu 10 ya lita 20, yajaze maji, yapange tezi na uyafunge barabara yasiviringike. Hapo umerudisha kilo 200 mahali pake. Kisha burura nyuma ya boti kamba ndefu yenye ndoo mwishoni, iishike tezi isicheze. Boti ya mashine ya ndani ina nafuu, kwa kuwa usukani wake umebaki: ufunge katikati, au umweke mtu mzoefu aushike, akiwa amevaa jaketi okozi.

"Tundu dogo halizamishi boti."

Uongo. Asubuhi moja nilichutama nyuma ya boti iliyokuwa tayari kukokotwa. Ubao wa tezi ulikuwa na matundu manne ya bolti, mawili juu na mawili chini, na yale ya chini yalikuwa yamesokomezwa matambara. Mwenyewe akaniambia yako juu ya maji. Ni kweli, yalikuwa juu ya maji, gatini, bahari ikiwa kimya. Nje ya mwamba, tezi ikipanda na kushuka, yangezama na kuibuka kila wimbi, na tambara lililolowa halikai. Rudisha bolti zilezile na washa zake, upake silikoni, ukaze.

Kwenye mashine za ndani hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu tundu la shafti liko chini ya maji muda wote. Fanya hesabu: tundu la upana wa milimita 25, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza takriban lita 40 kwa dakika. Ni madumu mawili kila dakika! Na shafti iliyofunguliwa kutoka kwenye mashine inaweza kuteleza ikatoka yote, ikaacha tundu wazi. Ibane kwa ndani isitembee. Funga valvu ya maji ya kupozea, ziba na bomba la moshi.

"Pampu ya ngama itafua maji yenyewe."

Nusu kweli. Itafua mpaka betri iishe, na iliyokuwa ikiichaji betri hiyo ni mashine ambayo haipo. Chaji betri usiku kucha kabla ya safari, na uweke ndoo ya kufulia maji.

"Kamba nene na fupi ndiyo salama."

Ndani ya mkono wa bahari, kweli: huko kamba iwe fupi, au boti zifungwe ubavu kwa ubavu. Kwenye bahari kuu, ni uongo. Kamba fupi haina pa kunyooka, kila wimbi linakuwa kishindo kinachong'oa vishikizo. Tumia nailoni, maana inavutika, na uirefushe hadi boti zote mbili zipande wimbi kwa pamoja. Upande wa omo igawe matawi mawili, moja kila ubavu. Na asisimame mtu kwenye mstari wa kamba iliyokaza. Nailoni ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuua.

"Ukiongeza kasi, unafika mapema."

Uongo. Boti ya mita 7 isipopanda juu ya maji, kikomo chake cha mwendo ni kama noti 6. Ukilazimisha zaidi, mzigo kwenye kamba unapanda ghafla. Noti 4 zinatosha: saa tano hadi Kilifi, na mkondo wa pwani unaelekea kaskazini, kwa hiyo unakusukuma. Ondoka alfajiri, siku za maleleji, usingoje kusi ikaze.

"Kwa barabara ni salama zaidi."

Kwa boti ya ukubwa huu, mara nyingi ni kweli. Ila trela ilipangwa kwa boti yenye mashine nyuma. Mashine isipokuwepo, uzito unahamia mbele na kulielemea gari linalovuta. Irudishe boti nyuma kidogo kwenye trela kabla ya kuondoka.

"Aliyekukokota ana haki ya kuichukua boti."

Uongo. Umiliki haubadiliki kwa kukokotwa. Lakini boti ikiokolewa kutoka hatarini, mwokoaji anaweza kudai malipo, na Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa 1989 umeweka mpaka kuwa malipo hayo yasizidi thamani ya mali iliyookolewa. Mkikubaliana bei mapema, kwa maandishi, kazi hiyo ni ya mkataba wa kawaida. Na uiarifu bima yako kabla, usije ukagundua baada ya ajali kwamba kukokotwa hakumo.

Mwisho, Mombasa na jirani zake maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na boti isiyo na mashine haiwezi kujitoa kwenye fungu la mchanga wala kujisogeza gatini. Kabla hujafungua kamba Mtwapa, pigia simu marina unakokwenda: uliza maji yatajaa saa ngapi, na nani atakuwa gatini kukupokea.