Jackie Ormes na Kalamu Yake

Katika zama ambazo magazeti ya Marekani yalizoea kumchora mtu mweusi kwa dhihaka, Jackie Ormes, aliyezaliwa mwaka 1911, alianza mwaka 1937 kuchapisha katika gazeti la Pittsburgh Courier hadithi ya katuni ya Torchy Brown, msichana wa Mississippi aliyekwenda New York kutafuta umaarufu jukwaani. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza nchini humo kujipatia sifa kwa fani ya uchoraji wa katuni. Kuanzia 1945 hadi 1956 alimchora Patty-Jo, mtoto mdogo asemaye bila hofu juu ya ubaguzi, ilhali dada yake Ginger, mwenye mavazi ya fahari, husikiliza asinene neno. Mwaka 1947 Patty-Jo akatengenezewa mwanasesere, na watoto weusi wakapata cha kuchezea chenye heshima. Hakika kazi ya Ormes yastahiki kuenziwa.