Onyo la Kuhama Njia: Mashine Imwambie Dereva Nini?

Mjini Kisangani teksi ya baiskeli hujulikana kwa jina la toleka. Neno hilo limetoka katika Kilingala, ambamo kitenzi koleka kina maana ya kupita. Toleka, basi, ni "tupite". Jina lenyewe ni tangazo la nia, na makala haya yanahusu jibu ambalo nia hiyo hupewa.

Baadhi ya magari ya siku hizi yana rada au kamera zinazotazama pembe za nyuma, mahali ambapo kioo hakimwonyeshi dereva kitu. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivyo, ISO 17387, kilitolewa mwaka 2008. Aghalabu taa ndogo huwaka kiooni chombo kingine kinapokaribia. Dereva akiwasha taa ya kuonyesha upande ilhali chombo kingalipo, taa ile humetameta au kengele hulia.

Ugumu umo katika kuchagua wakati. Mashine hugawanya umbali kwa tofauti ya mwendo: gari likienda kilomita 40 kwa saa na pikipiki ikija nyuma kwa 58, tofauti ni mita 5 kwa sekunde, pikipiki iliyo mita 15 nyuma itafika baada ya sekunde 3. Dereva hupima zaidi umbali kuliko kasi ya kukaribiana, hivyo mita 15 zaweza kumtuliza wakati mashine imekwisha kushtuka. Tena, katika barabara za Makiso, ambako baiskeli na pikipiki hupita karibu sana na magari, mwenyeji haoni ukaribu huo kuwa hatari. Kengele iliyopimwa kwa barabara kuu za Ulaya ingelia mfululizo, naye angeizima.

Hapa isimu ina la kusema. Taa tulivu ni taarifa tu. Sauti ya kutamka "Usihame!" ni katazo, na dereva anayejiona salama hulipokea kama lawama. "Bado!" yafaa zaidi: ni fupi, inakubali nia yake na kupinga wakati tu. Udhaifu wake ni kwamba haitaji upande. Kwa hiyo sauti itoke ubavu ule ule wenye chombo. Jambo hilo si dogo nchini Kongo, ambako magari hupita kulia, tofauti na Uganda na Tanzania. Gari lenye usukani wa kulia humweka dereva kwenye ukingo wa barabara, mbali na upande anaohamia anapotaka kulipita la mbele.