Mama wa miti aliyewashinda vigogo bila jiwe

Huku Ikonda baridi ni ile ile, toka nje bila koti utajijua mwenyewe. Juzi kijiweni ilizuka kasheshe. Mshikaji mmoja wa Makambako aliyekuja kuangalia mgonjwa alisema mtaani kwao kigogo kazungushia uzio kiwanja ambacho watoto wanachezea mpira. "Dawa yake mawe tu!" akasema, na kijiwe kizima kikamwunga mkono.

Nikawauliza: jamani, mnamjua Wangari Maathai? Kimya. Basi nikawapa stori.

Mama huyu alizaliwa 1940 kijijini Ihithe, Nyeri, Kenya, kwenye baridi kama yetu. Karibu na kwao palikuwa na mkuyu mkubwa na chemchemi, na mama yake alimkataza kuokota kuni pale. Akasoma bodingi kwa masista wa Konsolata, ndugu wa mapadre waliojenga hospitali yetu ya Ikonda. Akaenda Marekani, akarudi, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Lakini kule kijijini mkuyu ulishakatwa, na kijito kikakauka. Wale mnaopanda milingoti mpaka kwenye vinyungu, nadhani mmenisikia.

Mwaka 1977 akaanza na miti 7 tu pale Kamukunji, Nairobi. Wanawake wa vijijini wakaotesha miche, wakilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Leo hesabu imepita miti milioni 50.

Kasheshe ilianza 1989. KANU, chama kilichotawala wakati huo, kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pale walalahoi wa Nairobi wanapopumzika. Wangari hakuokota jiwe. Alishika kalamu, akaandika barua kwa wakubwa wa ndani na nje. Bungeni wakamkejeli, eti yeye na wenzake ni wanawake walioachika. Wenye fedha wa nje wakajitoa, na jumba halikujengwa mpaka leo.

Februari 1992 akakaa na akina mama kwenye kona ya bustani hiyo hiyo, wamegoma kula, wakidai watoto wao waliofungwa kwa siasa. Polisi wakaja na marungu na mabomu ya machozi. Wangari akapigwa mpaka akazimia. Baadhi ya mama wale wazee wakavua nguo mbele ya askari, na mnajua laana ya mzazi ilivyo. Kesho yake wamekwisha? Wapi! Wakahamia kanisani, wakakaa karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote walikuwa nje.

Mwaka 1999 alikwenda kupanda miti msitu wa Karura, uliokuwa unamegwa kwa wakubwa. Wahuni wakampasua kichwa. Alikwenda polisi kuripoti, akasaini maelezo kwa damu yake. Si mchezo!

Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika. Alifariki Septemba 25, 2011, na alishakataa mti usikatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugu maji. Naam, mianzi, ndugu wa ile inayotupa ulanzi!

"Kwa hiyo tuandike barua tu?" mshikaji akaniuliza, bado kanuna.

Nikamwambia: barua, halafu kukaa pale, halafu kurudi ukifukuzwa. Ukirusha jiwe lazima ukimbie, na ukikimbia, kiwanja unamwachia nani? Wangari alipigwa, lakini kila alipopigwa alirudi, na waliompiga ndio waliokosa la kusema.

Kijiwe kikatulia. Baadaye nikamwona mshikaji ananunua daftari dukani. Nikamuuliza la nini.

"Majina ya wazazi wa mtaani," akajibu. "Naanza na mama yangu."

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.