Ndago Haiishi kwa Panga
Uani kwangu Mikindani, vichaka viliondoka kwa panga asubuhi moja tu. Kazi yenyewe ni ndago. Ukiipalilia kwa jembe unakata majani, lakini kila kijiazi cheusi kinachobaki ardhini huchipua upya na kutoa vingine. Kwa hiyo nasubiri mvua za Desemba zilainishe udongo, nachimbua kwa uma wa bustani, naokota vijiazi kimoja kimoja na kuvianika juani, juu ya bati, hadi vikauke kabisa. Moto siwashi: ndago ya chini hauigusi, na mikorosho ya jirani iko karibu mno. Kisha napanda viazi vitamu. Ndago haivumilii kivuli. Majani yakishafunga ardhi, inadhoofika. Matembele tunachuma, ukoka wa uani nitapanda baadaye, ndago ikishadhoofika.